Kufunga Gia Mpya za Difu Kwenye Pikapu na Kuzizoesha: Mwongozo Kamili

Difu, yaani mkusanyiko wa gia kwenye ekseli unaopeleka mzunguko wa propela shafti kwenye magurudumu, ikisetiwa vizuri hufanya kazi miaka mingi bila dereva kukumbuka kwamba ipo, ilhali iliyosetiwa kwa kukisia huanza kulia ndani ya wiki ya kwanza. Ubora wa gia peke yake hautoshi kuiokoa, kwa maana hata seti ya bei kubwa kabisa itakufa mapema ikiwa pinioni (gia ndogo inayoendesha) imekaa sehemu ya kumi ya milimita nje ya mahali pake. Kazi hii hudai vipimo na subira kuliko nguvu, na haiishi siku gari linaposhushwa kwenye stendi, bali huisha baada ya kilomita mia kadhaa, gia zinapokuwa zimekwisha kuzoeana na oili ya kwanza imekwisha kumwagwa.

Maelezo haya yanamfaa mtu aliyekwisha kushika spana, anayeweza kufungua breki na kuchomoa shafti za magurudumu bila kuelekezwa, lakini hajawahi kuseti kraunwili (gia kubwa ya duara inayozungushwa na pinioni) na pinioni kwa mikono yake. Yanahusu ekseli ya nyuma ya pikapu iliyo mhimili mmoja mgumu, iwe ni ile ambayo difu huchomoka kwa mbele kama kichwa kizima, mfano Toyota Hilux, au ile inayofunguliwa kwa kifuniko cha nyuma na kusetiwa ndani ya hausingi (ganda la chuma la ekseli), kama zilivyo ekseli nyingi za pikapu za Marekani.

Kuchagua uwiano

Uwiano wa difu hupatikana kwa kugawanya idadi ya meno ya kraunwili kwa idadi ya meno ya pinioni. Kraunwili yenye meno 41 ikifanya kazi na pinioni ya meno 11 hutoa 3.73, na kraunwili hiyo ya meno 41 ikipewa pinioni ya meno 10 hutoa 4.10. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo injini inavyozunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo gari hupata nguvu ya kuvuta na kupoteza wepesi wa mwendo wa kasi.

Wengi hubadilisha gia kwa sababu wameweka matairi makubwa. Hesabu yake ni rahisi: chukua uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo cha tairi jipya, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi la zamani. Pikapu yenye 3.73 iliyotoka kwenye matairi ya inchi 30 kwenda inchi 33 inahitaji 4.10 ili injini irudi kwenye mzunguko uleule iliokuwa nao mwanzo. Ikiwa gari hubeba mizigo mizito, kupanda hatua moja juu ya jibu la hesabu ni uamuzi wa busara.

Mambo matatu yathibitishwe kabla ya kulipa. Kwanza, gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lazima liwe na uwiano mmoja mbele na nyuma, la sivyo mfumo utajikaza wenyewe kwenye barabara kavu hadi kitu kivunjike. Pili, kesi ya difu, yaani kile chuma kinachobeba kraunwili na spaida (gia ndogo za ndani zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili), huwa na mipaka yake: kwenye ekseli ya aina ya Dana 44, kwa mfano, kesi ya gia za 3.73 kushuka chini si ile ya gia za 3.92 kupanda juu, kwa sababu unene wa kraunwili na mahali pake hubadilika. Tatu, kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huchorwa namba moja ya jozi. Zikitofautiana namba, rudisha seti hiyo bila kubishana na yeyote.

Vifaa

Vifaa vya kawaida vya gereji havitoshi. Utahitaji geji ya saa yenye kishikio cha sumaku inayosoma mia moja ya milimita, maikromita ya kupimia shimu (pete nyembamba za kurekebishia nafasi), spana ya toki kubwa ya kukazia bolti, na spana ya toki ndogo ya mshale inayosoma kuanzia chini ya Nm (nyutonimita) 1, kwa ajili ya kupima uzito wa mzunguko wa pinioni, yaani nguvu inayohitajika kuizungusha. Spana ya toki ya kubofya haifai kwa kazi hiyo ndogo, kwa kuwa haionyeshi nguvu wakati kitu kinazunguka. Utahitaji pia presi, pula ya beringi, panchi ya shaba, rangi ya kukagulia meno, gundi ya nyuzi za bolti, na chuma kirefu cha kushikia flanji ya pinioni isizunguke.

Nunua beringi zote mpya, sili mpya, nati mpya ya pinioni, bolti mpya za kraunwili, bushi mpya ya kubonyea (mrija unaokaa kati ya beringi mbili za pinioni) pamoja na ya akiba, na pakiti ya shimu za unene mbalimbali. Mtu anayetaka kuokoa fedha kwa kurudisha beringi za zamani huwa anajinunulia kazi ileile mara mbili, kwa sababu beringi iliyochoka hubadilisha mkazo (jinsi beringi zinavyobanwa) na kina cha pinioni (ilivyoingia kuelekea kraunwili) baada ya muda mfupi, na kila kipimo ulichohangaika nacho hupotea.

Kuna kifaa kimoja ambacho hakiuzwi kila mahali lakini hutengenezwa kwa urahisi: beringi ya majaribio. Chukua beringi ya ndani ya pinioni, ama ya zamani ambayo bado ni nzima au ya pili ya aina ileile, itanue tundu la ndani kwa msasa mpaka iingie na kutoka kwa mkono. Kwa kuwa shimu ya kina hubadilishwa mara kadhaa kabla ya kupata jibu, beringi hii hukuepusha kuingiza na kuchomoa ile mpya kwenye presi kila mara na hatimaye kuiharibu.

Kufungua, na kupima kabla ya kufungua

Weka gari kwenye stendi imara chini ya ekseli au chasi, zuia magurudumu ya mbele, na usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Mwaga oili na uitazame vizuri: unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida, lakini vipande vinavyoonekana kwa jicho vinakuambia kwamba kuna kingine cha kukagua zaidi ya gia, hasa spaida na shafti zake.

Kabla ya kulegeza chochote ndani, pima mchezo wa meno wa gia za zamani, yaani nafasi ndogo ya kutikisika kati ya meno ya kraunwili na ya pinioni, zipake rangi na upige picha alama inayobaki pale meno yanapogusana, kisha andika. Vipimo vya gia zilizofanya kazi kimya kwa miaka ni mwanzo mzuri kuliko makisio yoyote. Halafu piga alama kwa panchi kwenye kofia za beringi za pembeni na kwenye hausingi, nukta moja kushoto na nukta mbili kulia, kwa sababu kofia hizo zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake na haziwezi kubadilishana pande wala kugeuzwa juu chini. Shimu za pembeni zifungwe kwa waya, kila upande na karatasi yake, na ile ya pinioni ipimwe kwa maikromita mara tu inapotoka.

Angalia pia kama kuna pete ya meno ya ABS au ya spidomita kwenye kesi, na kama shafti hushikwa ndani na klipu zenye umbo la C. Bolti za kraunwili za baadhi ya ekseli, ikiwemo ile ya GM ya inchi 8.5, zina nyuzi za kushoto, na fundi asiyejua hilo huzikaza akidhani anazilegeza mpaka zikatike.

Usafi na kufunga kraunwili

Hausingi ioshwe mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani kitoke cheupe. Mirija ya ekseli isafishwe pia, kwa kuwa mabaki ya chuma yaliyojificha humo hurudi kwenye oili mpya siku ya kwanza gari linapopiga kona. Tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli lizibuliwe, kwani likiziba, joto hujenga shinikizo ndani na oili hutafuta njia kupitia sili.

Mahali kraunwili inapokaa kwenye kesi pakaguliwe kwa kucha na kusuguliwa kwa jiwe laini la kunolea hadi pasiwe na hata kidonda kidogo. Mchubuko mmoja usioonekana hufanya kraunwili iyumbe, na kuyumba huko hutokea baadaye kama mchezo wa meno unaobadilika kila robo ya mzunguko. Kraunwili ikiwa inabana, iweke kwenye maji yanayochemka hadi ifikie nyuzi 100 hivi, ikaushe haraka, iweke kwenye kesi na uielekeze kwa bolti mbili au tatu za mkono. Usiichome kwa moto wa gesi hata kidogo, maana chuma kilichoimarishwa kwa moto kiwandani hupoteza ugumu wake. Ikipoa, safisha nyuzi kwa dawa ya breki, tia gundi ya nyuzi, na kaza bolti kwa kuvukana, kwa hatua tatu, hadi toki ya kitabu cha gari hilo. Usiivute kraunwili mahali pake kwa kutumia bolti, kwani hukaa upande.

Beringi za pembeni zipigwe presi kwa kusukuma pete ya ndani tu. Ukiitia joto beringi ili iingie kwa wepesi, isizidi nyuzi 120.

Kupata kina cha pinioni

Difu za pikapu karibu zote hutumia gia za haipoidi, ambazo pinioni yake haielekei katikati ya kraunwili bali imeshushwa chini kidogo. Mpangilio huo, ambao kampuni ya Packard iliuingiza kwenye magari yake mwaka 1926, huruhusu pinioni nene yenye nguvu na propela shafti iliyo chini zaidi. Gharama yake ni kwamba meno hayaviringishani tu, bali pia huteleza kwa urefu wake, jino juu ya jino, yakiwa chini ya shinikizo kubwa. Ndiyo sababu kina cha pinioni hakisamehe makosa, na ndiyo sababu pia oili ya difu si oili ya kawaida.

Kina hurekebishwa kwa shimu ambayo, kwa kutegemea gari, hukaa kati ya kichwa cha pinioni na beringi ya ndani, au chini ya kikombe cha beringi hiyo ndani ya hausingi. Katika mipango yote miwili shimu nene huisogeza pinioni karibu na kraunwili na shimu nyembamba huiondoa. Anza na unene wa shimu iliyotoka. Kama mtengenezaji ameandika namba ya marekebisho kichwani mwa pinioni, ifuate kwa maelezo yaliyokuja na seti, kwa sababu watengenezaji hawatumii maana moja ya alama ya kujumlisha na kutoa.

Kwa jaribio la kwanza, funga pinioni na beringi ya majaribio, bila bushi ya kubonyea na bila sili. Kaza nati polepole kwa mkono huku ukizungusha pinioni, na usimame mara tu mchezo wa mbele na nyuma unapoisha na pinioni kuwa na uzito mdogo wa kuzunguka. Bila bushi, hakuna kitu kitakachokuzuia usiziponde beringi, kwa hiyo spana ya hewa isikaribie hapa.

Mchezo wa meno

Ingiza kesi pamoja na shimu zake za pembeni, au kwa difu ya aina ya Hilux, pamoja na nati zake za pembeni, kisha funga kofia kulingana na alama ulizopiga. Simika geji ya saa, ncha yake iguse jino la kraunwili karibu na mwisho wa nje, kwa pembe iliyo sawa na mwelekeo wa mzunguko. Shika pinioni isitikisike na utikise kraunwili. Kipimo cha pikapu nyingi ni kati ya milimita 0.13 na 0.25, na kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Pima sehemu nne za mzunguko. Tofauti kati ya sehemu na sehemu ikizidi takriban milimita 0.05 hadi 0.07, kraunwili inayumba, na dawa yake ni kurudi kwenye usafi wa kesi, si kubadilisha shimu.

Kuongeza shimu upande wa mgongo wa kraunwili huisukuma kuelekea pinioni na kupunguza mchezo. Unachoongeza upande mmoja kitoe upande wa pili, ili mkazo wa beringi za pembeni usibadilike. Kwa kawaida kusogeza kraunwili milimita 0.10 hubadilisha mchezo kwa milimita 0.07 hivi. Kwa hiyo ukipata 0.35 na unataka 0.20, hamisha shimu ya milimita 0.20 na utakuwa karibu sana.

Kusoma alama ya meno

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na ndipo penye kishawishi kikubwa cha kusema inatosha. Namba za mchezo zinaweza kuwa sawa kabisa huku pinioni ikiwa mahali pabaya, na hakuna geji itakayokuambia isipokuwa rangi. Rangi hiyo ndiyo hakimu, na ikipingana na namba ya shimu niliyoihesabu, mimi huifuata rangi.

Paka rangi nyembamba kwenye meno matatu au manne ya kraunwili, katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, pande zote mbili za kila jino. Kisha mtu mmoja azungushe pinioni huku mwingine akiizuia kraunwili kwa kipande cha mbao au kitambaa kizito, ili meno yabanwe kweli. Kuzungusha bila kizuizi hutoa alama hafifu isiyo na maana. Zungusha kwenda na kurudi mara kadhaa, kisha chukua taa uinamie jino moja.

Utaona rangi imesukumwa kando na kubaki kiraka kinachong'aa, chenye umbo la yai lililolala. Upande wa jino uliobinuka nje ndio upande wa kuvuta, unaobeba mzigo dereva anapokanyaga mafuta, na upande uliobonyea ndani hubeba mzigo anapoachia. Hiyo ni kweli kwa ekseli ya nyuma ya kawaida. Baadhi ya difu za mbele zimechongwa kinyume. Kiraka kizuri hukaa katikati ya urefu wa jino kwenda juu, yaani kati ya shina na kilele, na kingo zake hufifia taratibu badala ya kukatika kwa mstari mkali.

Anza na swali la shina na kilele peke yake. Kiraka kikikaa chini karibu na shina la jino pande zote mbili, pinioni imeingia mno, kwa hiyo punguza shimu. Kikikaa juu karibu na kilele, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Mara nyingi kiraka huhama pia kwa urefu: pinioni iliyoingia mno huvuta alama ya upande wa kuvuta kuelekea ncha ya ndani ya jino na ya upande wa kuachia kuelekea ncha ya nje, na pinioni iliyo mbali hufanya kinyume chake. Jambo hili huwachanganya wengi, nao huanza kusogeza kraunwili kurekebisha kosa la pinioni. Kraunwili isogezwe kwa ajili ya mchezo wa meno tu, na ikiwa alama za pande zote mbili zimekwenda pamoja kwenye ncha ya ndani au pamoja kwenye ncha ya nje.

Mara ya kwanza badilisha shimu kwa hatua kubwa, milimita 0.10 au hata zaidi, mpaka uvuke upande wa pili wa jibu. Ukishaona alama ya shina na alama ya kilele, jibu limo katikati, nawe unaweza kwenda kwa hatua za 0.05 na 0.03. Baada ya kila badiliko rudisha mchezo wa meno kwenye kipimo kabla ya kusoma rangi upya, kwa kuwa rangi iliyosomwa kwa mchezo mbaya hudanganya. Kufungua na kufunga mara tano au sita ni jambo la kawaida kwa anayejifunza.

Mkazo wa beringi na ufungaji wa mwisho

Alama ikikuridhisha, toa kila kitu. Piga presi beringi mpya ya ndani ikiwa na shimu iliyothibitishwa, ingiza bushi mpya ya kubonyea, beringi ya nje, na sili iliyopakwa grisi mdomoni. Rudisha flanji na nati mpya.

Bushi hii ni mrija wa chuma uliotengenezwa ubonyee kwa kipimo na kuzisukumiza beringi mbali. Kuanza kuibonyeza huhitaji nguvu kubwa, mara nyingi zaidi ya Nm 300, na ikishaanza, mambo huenda haraka. Kaza kidogo, zungusha pinioni mara kadhaa ili beringi zikae, pima, kisha kaza tena. Mchezo wa mbele na nyuma ukiisha tu, kila hatua iwe ndogo kama upana wa ncha ya kalamu kwenye nati.

Kinachopimwa ni nguvu ya kuendelea kuzungusha pinioni, si ya kuianzisha. Kwa beringi mpya za pikapu nyepesi kipimo huwa kati ya Nm 1 na 3 kulingana na gari, na kwa beringi zilizokwisha kutumika ni kama nusu yake. Asiye na spana ndogo ya mshale anaweza kuzungushia uzi kwenye flanji na kuuvuta kwa mizani ya springi: flanji yenye nusukipenyo cha sentimita 5, mizani ikisoma kilo 4 wakati uzi unakuja taratibu, ni karibu Nm 2.

Ukipitiliza, usilegeze nati. Bushi iliyobonyea hairudi, na nati iliyolegezwa huacha beringi bila mkazo na pinioni ikicheza. Mimi nimelifanya kosa hilo kwenye difu yangu mwenyewe, usiku, nikiwa na hamu ya kumaliza: nilipitiliza kidogo, nikarudisha nati robo ya mzunguko na kufunga. Mlio ulianza kabla ya kilomita 200, na nilipofungua nilikuta kikombe cha beringi ya nje kimeanza kumenyuka. Tangu siku hiyo sianzi kazi hii bila bushi ya akiba mezani.

Rudisha kesi na shimu zake, au kaza nati za pembeni, kwa mkazo wa kitabu. Kwa difu nyingi za Toyota, uzito wa kuzungusha pinioni kesi ikiwa ndani huongezeka kwa Nm 0.4 hadi 0.6 juu ya ule wa pinioni peke yake. Kaza kofia kwa toki, pima mchezo sehemu nne, na upake rangi kwa mara ya mwisho. Alama hii ya mwisho ipige picha, kwa maana ndiyo shahidi wako siku mlio ukitokea.

Futa rangi, funga kifuniko kwa gasketi au silikoni, na uiache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake. Jaza oili ya daraja la GL-5 yenye unene uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi 80W-90 au 75W-90, hadi usawa wa mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Daraja hilo lina viambato vya salfa na fosforasi vinavyojenga utando kwenye meno yanayoteleza, na oili ya daraja la chini haina kiasi kinachotosha haipoidi. Kwa kipindi cha kuzoesha watengenezaji wengi wa gia hupendelea oili ya madini badala ya sintetiki. Difu ya kubana kwa klachi (inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure) huhitaji pia kiongezi chake maalumu, la sivyo itagutuka kwenye kona.

Kuzoesha gia

Meno mapya, hata yaliyosagwa kwa ustadi, yana vilele vidogo visivyoonekana. Katika kilomita za mwanzo vilele hivyo husuguana na kulainishana, na joto hupanda kuliko litakavyokuwa tena maishani mwa difu hiyo. Joto likipita kiasi, oili huungua, utando wake hupotea, na uso wa meno hulainika au kumenyuka. Madhara hayo hayarudi nyuma, na ndiyo maana safari ya kwanza ina uzito sawa na shimu.

Kwanza zungusha magurudumu gari likiwa kwenye stendi, taratibu, kwa dakika chache, na usikilize. Kisha endesha kilomita 25 hadi 30 bila mzigo, kwa mwendo wa wastani chini ya kilomita 90 kwa saa, ukibadilisha kasi mara kwa mara, ukikanyaga na kuachia mafuta kwa upole ili pande zote mbili za meno zifanye kazi. Usiondoke kwa kishindo na usivute kitu. Ukirudi, zima gari na uiache difu ipoe kabisa, mpaka kiganja kitulie juu ya hausingi bila kuhisi uvuguvugu. Hilo laweza kuchukua saa nzima au zaidi. Rudia safari hiyo na mapumziko yake mara mbili au tatu.

Katika safari ya kwanza pima joto la hausingi kwa kipimajoto cha infraredi kila unaposimama. Kuwa moto kiasi cha kutoshikika ni kawaida kwa gia mpya, lakini likipita nyuzi 120 simamisha gari, kwa kuwa mkazo wa beringi umezidi, mchezo umebana mno, au oili haitoshi.

Kwa kilomita 800 zinazofuata usivute trela, usijaze shehena, na epuka mwendo mrefu wa kasi moja kwenye barabara kuu. Baada ya hapo, safari ya kwanza ya kuvuta trela nayo iwe fupi, kilomita 20 hadi 25, kisha difu ipoe tena, kwa sababu mzigo mzito hugusanisha sehemu za jino ambazo mwendo mwepesi haukuzifikia.

Sikiliza wakati wote huo, na ikiwezekana redio izimwe. Mlio wa kuimba unaotokea unapokanyaga tu au unapoachia tu, kwenye kasi fulani, hutokana na alama ya meno. Tazama picha yako ya mwisho kabla ya kufungua chochote. Mngurumo wa chini usiobadilika kwa kukanyaga au kuachia ni wa beringi. Mgongano mmoja mzito unapobadilisha kutoka kuachia kwenda kukanyaga waweza kuwa mchezo uliozidi, lakini kagua kwanza viungo vya propela shafti, maana ndivyo vyenye hatia mara nyingi. Spidomita nayo itakuwa inasema uongo ikiwa uwiano umebadilika na matairi hayakubadilika, kwa hiyo gia yake ndogo au kompyuta ya gari irekebishwe mapema.

Zikitimia kilomita 800 hizo, mwaga oili ikiwa bado ya moto. Itatoka imefifia na kubeba unga wa kijivu unaong'aa kwenye mwanga, na sumaku itakuwa na matope laini yanayofutika kwa kidole bila kukwaruza. Ukikuta kipande chenye kona au ukoko mwembamba kama ganda la kitunguu, fungua kifuniko siku hiyohiyo. Ikiwa ni unga tu, safisha sumaku, jaza oili mpya hadi mdomo wa tundu, andika kilomita na unene wa shimu kwenye karatasi utakayoihifadhi pamoja na picha za alama, na pikapu sasa yaweza kubebeshwa mzigo wake kamili.